Japonika ya Sabaha

Jumatatu, 4 Machi 1957

Buku hili nimelitoa kwenye mzigo wangu mwenyewe. Mwezi wa kwanza nilipata dayari za mwaka huu kutoka duka moja la Mtaa wa Kongo lililovujiwa na maji, nikaona hapa pana riziki. Kumbe mtu akishaingia mwezi wa tatu hataki dayari, anataka mwamvuli. Nimezitembeza sokoni nikiwaambia siku nzuri za mwaka ndizo zilizobaki, zile za mwanzo zilikuwa za majaribio. Wanacheka, hawanunui. Basi moja nimejiuzia mimi, na mteja hakusumbua hata kidogo.

Jina langu Bakili, Mngindo wa Liwale. Nakaa Mtaa wa Mafia, nyumba ya Bi Mwantumu, chumba cha nyuma kinachotazama uani. Nauza miche ya maua. Naifunga kwenye baiskeli, naipeleka Upanga kwa kina mama wa Kihindi. Mkono wangu haujawahi kuotesha kitu. Aliyeotesha ni mke wangu Sabaha, mimi kazi yangu mdomo. Sabaha kafariki mwezi wa kwanza mwishoni. Homa, na haraka. Arobaini yake Jumamosi.

Miche yake bado ipo uani kwenye makopo ya maziwa, naiuza. Kichaka kimoja tu kipo ardhini, karibu na ukuta wa bafu. Hicho hakiuzwi. Kinaitwa japonika.

Leo mawingu bila mvua. Japonika: kimya.

Jumatano, 6 Machi

Theopista wa chumba cha mbele, yule mama wa Kichaga anayeuza ndizi, kaniletea mtori wa ndizi na nyama. Nimekula wote. Kaniuliza, "Shemeji, chumvi imezidi?" Nikamwambia iko sawasawa. Kasimama pale mlangoni ananitazama. Baadaye kamwambia Bi Mwantumu kwamba leo alisahau kutia chumvi kabisa.

Basi nitakuwa nimekula kwa adabu.

Ijumaa, 8 Machi

Mteja mmoja Upanga, Bi Gulbanu, kauliza kwa nini siku hizi simletei miche mipya. Nikamwambia fundi wangu kasafiri.

Niandike japonika ilikotoka, nisije nikasahau. Sabaha alikuwa yaya kwa memsahibu mmoja Uzunguni. Mwaka juzi joto lilipokuwa kali memsahibu akahamia Lushoto na watoto, akaenda na Sabaha. Huko Sabaha akauona huo mti kwenye bustani. Anasema ulikuwa hauna jani hata moja, matawi makavu na miiba, ukiuona utasema kuni. Asubuhi moja wakaamka umejaa maua mekundu, tena yameota kwenye ngozi ya tawi lenyewe, bila jani pembeni. Aliporudi alibeba chipukizi lililochomoza mzizini, kalifunga kwenye kitambaa kibichi, njia nzima ndani ya basi kalipakata kama mtoto.

Memsahibu alimwambia, "Sabaha, huu wa baridi, Dar es Salaam hautatoa maua." Sabaha kamjibu, "Ndiyo memsahib," akaja akaupanda.

Umeota. Majani mengi, miiba mingi. Ua hapana. Yeye kila asubuhi akienda bafuni na ndoo yake alikuwa anauinamia na kuuambia, "Leo je?"

Jumapili, 10 Machi

Arobaini ilikuwa jana. Hitima ilisomwa vizuri, wali ulitosha, masheikh walishiba. Halafu akaingia mtani.

Sisi Wangindo watani zetu Wangoni. Zamani walikuwa wanatuchomea vijiji, siku hizi wanatuzika. Mtani wangu hapa mjini ni Leodegar, Mngoni wa Songea, Mkristo, anakaanga samaki Feri, kwenye soko la pwani. Siku ya kifo ndiye aliyeingia chumbani na kusaidia kumtoa marehemu nje, kazi hiyo ni ya mtani, na njia nzima ya makaburini alikuwa anapiga kelele kwamba Mngindo mzito maana kala asali sana. Nani wa kumkasirikia. Mtani hakasirikiwi.

Jana kaingia uani kavaa kanga za Sabaha, sijui kazitoa wapi. Kajifunga kilemba, kashika ndoo, kaenda mpaka kwenye japonika akatingisha kiuno akasema kwa sauti nyembamba, "Leo je?"

Watu walianguka chini. Theopista alilia kwa kucheka, halafu akaendelea kulia. Bi Mwantumu akajifunika uso kwa ushungi. Mimi nilicheka vizuri. Nilijisikia nacheka, kama unavyosikia redio ya jirani.

"Haya," Leodegar kasema, "mali ya marehemu nachukua mimi. Huu mti nang'oa."

"Utaupeleka wapi na wewe unalala ghorofani, udongo huna?"

"Nitakaangia samaki."

"Nyie Wangoni mliacha mikuki mkashika vikaango, mna haya nyie?"

"Na nyie mlipotuona mliingia kwenye mizinga ya nyuki, mpaka leo mnanuka nta. Komboa mti wako, Mngindo."

Ndiyo desturi. Mtani akishika kitu cha msiba unakikomboa kwa kitu kingine. Nikampa jogoo. Kamkamata miguu, kaniangalia usoni muda kidogo, halafu kasema taratibu, si kwa sauti ya utani, "Bakili, mimi matanga haya siyafungi bado."

"Kwa nini?"

"Mimi mtani. Najua yakiisha."

Wakati wa kuondoka nimemsikia Bi Mwantumu anamwambia Theopista, "Mwanamume hajatoa chozi tangu siku ile. Mjini huku watu wanakuwa mawe."

Nilifagia ua. Japonika: kimya.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua ya kwanza ya masika. Bati linapiga kelele, nimelala mchana.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Nimeuza mrehani na asumini. Mama wa Upanga mmoja kauliza majani yale ya rangi yanaitwaje, nikamwambia yanaitwa Koti la Sultani. Kanunua mawili. Sabaha angekuwepo angenifinya.

Japonika: kimya.

Jumatano, 20 Machi

Mvua.

Jumatatu, 25 Machi

Bi Mwantumu kaniita barazani. Huyu mama mwenye nyumba ni mtu wa maneno machache na yote ya kukata. Kasema masika yakiisha fundi anakuja kujenga jiko la matofali uani, wapangaji wamechoka kupika chini ya turubai. Jiko litasimama pale karibu na ukuta wa bafu.

"Pale kuna mti, mama."

"Pale kuna miiba. Kanga yangu mpya imechanika, ya Theopista imechanika, mtoto wa chumba cha kati kachomwa mguu. Nyumba gani hii, mtu anakwenda kuoga anarudi na majeraha?"

"Utatoa maua, mama. Mekundu. Watu watakuja kuyatazama mpaka kutoka Ilala."

"Wewe maneno yako nayajua, ulimuuzia mdogo wangu mchongoma ukamwambia waridi."

Hilo kweli.

"Basi nipe mpaka kipupwe," nikamwambia. "Ukitoa hata ua moja, uuache."

Kahesabu tasbihi kidogo. Mwisho kasema, "Ua moja. La kweli, si la karatasi, nakujua. Likionekana kabla fundi hajaweka jiwe, jiko nitalijenga hata juu ya kichwa changu. Lisipoonekana, unang'oa mwenyewe kwa mkono wako."

Nimekubali. Nilipofika chumbani nimeona mkono unahesabu miezi kwa vidole. Nimeuangalia kama wa mtu mwingine.

Jumanne, 2 Aprili

Ramadhani imeingia jana. Mvua usiku na mchana. Uani maji mpaka kifundo cha mguu, makopo ya Sabaha yanaelea. Bwana Afya kapita kukagua mbu, kasema makopo yenye maji yamwagwe. Nikamwambia mbu wa nyumba hii wamefunga, hawaumi mpaka magharibi. Kaandika tu.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimefikiri leo. Mti unataka baridi. Kilichokosekana ni hicho tu. Udongo upo, maji ndiyo usiseme, mbolea ya mbuzi niliweka. Na Dar es Salaam hii baridi inapatikana wapi? Feri, kwenye makasha ya samaki.

Haya mambo ni mepesi ukiyatazama kibiashara. Mteja anataka kitu, unakitafuta, unamletea.

Jumanne, 9 Aprili

Nimeenda Feri na baiskeli. Leodegar alikuwa kwenye kikaango chake, jasho linamtiririka, anakaanga samaki aina ya changu kwa Wakristo wenzake na kwa Waislamu wanaojificha. Nikamwambia nataka barafu, ile inayobaki wakishatoa samaki kwenye makasha.

"Ya kupozea chupa za futari?" kasema. "Umeanza sharubati, eh? Mngindo kila siku na duka jipya."

Nikacheka tu. Akaongea na wenye makasha, wakanijazia gunia. Nikalifunga kwa maranda ya mbao, nikakanyaga baiskeli mpaka Kariakoo maji yakinidondoka mgongoni, watoto wananikimbilia wanadhani nauza.

Alasiri nimeimwaga kuzunguka shina lote la japonika nikaifunika na gunia. Theopista kauliza nafanya nini, nikamwambia naiweka Lushoto. Karudi kwenye ndizi zake.

Baada ya adhana nilikuwa na kiu, nikatia kipande kinywani. Baridi. Zaidi ya hapo sikusikia kitu.

Jumatano, 10 Aprili

Barafu.

Alhamisi, 11 Aprili

Barafu. Mvua.

Jumamosi, 13 Aprili

Barafu. Wale wa Feri sasa wananiita Bwana Sharubati. Paka wote wa Mtaa wa Mafia wamehamia uani kwetu, wanalala kuzunguka mti kama walinzi. Bi Mwantumu kasema kipupwe alichonipa hakikuwa na paka ndani yake.

Jumapili, 21 Aprili

Barafu kila alasiri. Mvua. Sisikii njaa ya saumu, wenzangu wananisifu kwamba najua kufunga. Japonika: kimya.

Jumapili, 28 Aprili

Sio kimya tena. Majani ya pembeni yamegeuka, yanakuwa kahawia kwenye kingo kama karatasi iliyopitishwa motoni. Matatu nimeyakuta chini.

Niliyaokota nikayakagua. Nikakumbuka: hauna jani hata moja, ukiuona utasema kuni. Majani kwanza yanaondoka.

Nimekaa karibu nao mpaka adhana.

Jumatano, 1 Mei

Idd. Nimevaa kanzu. Watoto wamevaa mpya, mtaa mzima pilau. Leodegar kaja kula, kala sahani za watu watatu, kasema Wangindo hawajui kupika ila wanajua kukaribisha. Nikamvuta uani nimwonyeshe. Mvua ilikuwa imeanza tena na paka walikuwa wamejaa, kasema ataangalia siku nyingine, pilau inapoa.

Jumatatu, 6 Mei

Yanadondoka. Asubuhi nakuta mengi, jioni mengi. Sijawahi kufurahia kitu kinavyopungua. Nimesema kufurahia, sijui kama ndilo neno. Nasogea tu haraka zaidi kuliko zamani.

Jumapili, 12 Mei

Nimemwambia Theopista, nimewaambia wa chumba cha kati, nimewaambia wauza viazi sokoni: japonika imevua nguo, sasa inajiandaa. Nimemwambia na Bi Gulbanu kule Upanga. Yeye anajua maua, baba yake alikuwa na bustani. Kaniuliza, "Majani yameanguka yote? Mwezi wa tano?" Nikamwambia yote, safi. Kafikiri kidogo, kasema, "Mungu ajalie, Bakili." Kanunua mche ambao nadhani hakuuhitaji.

Barafu nimeacha. Kazi yake imekwisha.

Jumamosi, 18 Mei

Hakuna jani hata moja. Matawi matupu, miiba, rangi ya kuni. Kama alivyosema.

Jumatatu, 27 Mei

Mvua zinapungua. Upepo wa asubuhi una ubaridi. Japonika: bado.

Jumatatu, 3 Juni

Kipupwe hiki hapa. Watu wanavaa sweta na kulalamika kama wako Ulaya. Fundi wa jiko kaja kupima, kapiga kamba toka ukuta wa bafu hadi mlango wa nyuma, kamba ikapita katikati ya japonika. Kashika tawi alisogeze. Bi Mwantumu alikuwa barazani, kasema, "Usilishike hilo."

Fundi kasema, "Mama, mbona hili limek—"

"Nimesema usilishike. Njoo mwisho wa mwezi."

Mimi nilikuwa nafunga miche kwenye baiskeli. Sikugeuka. Mama huyu sikumjua, naona. Miaka yote nimemjua kwa kodi na kwa miiba.

Jumamosi, 8 Juni

Wanakuja watu. Wanasimama kidogo, wanautazama mti, wananitazama mimi. Nawaambia wiki hii au ijayo. Wanasema inshallah. Zamani nilikuwa nikisema kitu watu wanabisha, wanacheka, tunavutana. Siku hizi hakuna anayenibishia, hata Theopista. Biashara mbaya hiyo, mteja asiyebisha huwa hanunui.

Jumatano, 12 Juni

Nimeona vinundu kwenye tawi la juu. Vyeusi. Nimemwonyesha Bi Mwantumu. Kavaa miwani, kaangalia kwa muda, kasema macho yake siku hizi si mazuri.

Jumamosi, 15 Juni

Leodegar kaja, safari hii kakumbuka mwenyewe. Kaingia uani na matani yake, "Wapi huo mti unaonitia aibu, Feri nzima wananiuliza," halafu akauona.

Matani yakaisha. Kauzunguka. Kavunja kitawi kidogo, kikalia kak, kakiangalia ndani.

"Bakili, hapa uliweka nini?"

"Baridi. Ile barafu yako."

"Ile ya kwenye makasha?"

"Ndiyo. Mwezi mzima. Sasa subiri uone."

Kachuchumaa. Kafukua udongo kwa kidole, akautia ulimini. Akautema. Alikaa hivyohivyo kachuchumaa, mkono uko juu ya goti. Mngoni huyu tangu tulipokuwa tunabeba magunia bandarini anachuchumaa hivyo akitaka kuinua zito.

"Vipi?" nikamuuliza. "Lini?"

"Karibu," kasema. Kasimama, kajipangusa. "Karibu sana, mtani."

Kapita barazani kwa Bi Mwantumu, wakaongea kwa sauti ya chini. Kaondoka bila kuomba chakula.

Jumapili, 16 Juni

Baridi. Japonika: karibu.

Jumatatu, 17 Juni

Nimetoka asubuhi kwenda Upanga. Nimerudi adhuhuri. Pale karibu na ukuta wa bafu pana shimo.

Nimesimama. Paka mmoja alikuwa ndani ya shimo.

Theopista alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa. Nikaenda barazani.

"Mama, fundi kaja?"

"Fundi hajaja," Bi Mwantumu kasema. "Kaja mtani wako. Kasema matanga hayajafungwa, mali ya marehemu ni yake bado. Mimi nitamzuiaje mtani?"

"Ulisema mpaka mwisho wa mwezi."

"Mimi nilisema. Yeye hakusema." Halafu kasema, "Nenda, mwanangu. Yuko Feri anakungoja."

Sikuchukua baiskeli. Sijui kwa nini sikuichukua, ilikuwa mkononi. Nimekwenda kwa miguu, Kariakoo hadi Feri, na kila niliyempita naona mdomo wake unasema kitu na mimi najibu salama, salama. Nilipofika Mnazi Mmoja nikagundua nina hasira. Niliitambua pole pole, kama mtu uliyekaa naye darasa moja zamani. Nikaongeza mwendo isije ikapoa.

Leodegar alikuwa kwenye kikaango. Chini ya kikaango, katikati ya mawe, japonika ilikuwa inawaka. Kaikata vipande, kaipanga vizuri, mzizi wote upo pembeni unangoja zamu. Ilikuwa inawaka bila moshi mwingi, kuni kavu kabisa, na miiba ilikuwa inapasuka mmoja mmoja.

Wakaangaji wote wakageuka. Mama mmoja kasogeza beseni lake.

Mimi nikainua mkono.

"Piga," Leodegar kasema. "Piga mtani wako mbele za watu, watu waseme Bakili kapiga mtani msibani. Huku mkono ukishuka, geuza na hao samaki, wanaungua."

Mkono ukabaki juu. Mtani hapigwi. Sijawahi kusikia aliyempiga.

"Ulikuwa unatoa maua," nikasema.

"Ulikuwa umekufa."

"Ulikuwa unatoa maua. Majani yanaondoka kwanza. Sabaha aliniambia."

"Barafu ya makasha ina chumvi, Bakili. Wanaimwagia chumvi konzi kwa konzi ili baridi ikaze. Chumvi na maji ya samaki. Nimeonja udongo wako, ungeweza kukolezea mchuzi. Hukuonja wewe? Mwezi mzima hukuonja?"

Nilionja. Sikumwambia.

"Ungeniambia juzi," nikasema.

"Ungenielewa juzi?" Kageuza samaki. "Mtaa mzima ulijua. Bi Mwantumu anajua tangu mwezi wa tano. Fundi kajua kwa kushika mara moja. Watu wanakuja kuangalia, wanakuitikia inshallah, wanakwenda zao. Maiti iko uani haijatolewa na mwenye maiti anasema inaamka Jumatano. Kazi ya kutoa maiti ndani ya nyumba ni ya nani?"

Nilishusha mkono.

"Ni ya nani, Mngindo?"

"Ya mtani."

"Haya. Kaa."

Nikakaa kwenye debe. Kaniwekea changu mzima juu ya gazeti, wa moto, ngozi imekauka vizuri, kamkamulia ndimu. Kasema, "Huyu kakaangwa na mke wako. Ana moto yule mama, miaka yote hukuniambia." Wakaangaji wakaanza kucheka, mmoja mmoja, kwa woga. Mimi nikamega. Nikatia mdomoni.

Samaki alikuwa na chumvi.

Alikuwa na chumvi sana, na ndimu, na pilipili, vyote vikaja kwa mara moja, ulimi ukashtuka. Nikaendelea kutafuna. Nikaona gazeti linalowa, nikadhani ni mafuta.

"Moshi huu," nikasema.

"Moshi unaelekea kule, bwana," Leodegar kasema. "Tazama."

Kweli ulikuwa unaelekea kule.

Sikuondoka mpaka mzizi wote ukaisha. Kila akitia kipande mimi nalia, akigeuza samaki nalia, mteja akija Leodegar anamwambia, "Huyu msimjali, kauziwa samaki aghali." Jua lilipopinda kazima moto kwa maji, kajifuta mikono kwenye shati langu, si lake, kasema kwa sauti wote wasikie, "Matanga ya Sabaha mke wa Bakili nimeyafunga mimi Leodegar, mtani. Anayedai adai sasa."

Hakuna aliyedai. Mama wa beseni kasema, "Mungu amrehemu." Wakaitikia.

Jumanne, 18 Juni

Nimelala mpaka jua kali. Sijalala hivyo tangu mwaka uanze.

Jumamosi, 22 Juni

Theopista kaleta mtori. Nikamwambia chumvi imepungua. Kaketi chini pale pale kizingitini akafunika uso, mabega yanamtingishika. Nikamwambia shemeji, si matusi, ni kidogo tu.

Jumapili, 30 Juni

Fundi kaja. Bi Mwantumu kamwambia lile shimo aliache, mwenyewe atalifukia. Mwenyewe ni mimi. Nimelifukia leo kwa jembe la kuazima. Chini kabisa nimekuta kile kitambaa Sabaha alichofungia chipukizi toka Lushoto, kimeoza, rangi yake bado inajulikana. Nimekirudisha mle mle. Nikaweka udongo, nikakanyaga.

Fundi kaniuliza aanze, nikamwambia anza.

Alhamisi, 4 Julai

Bi Gulbanu wa Upanga anataka kitu chekundu cha karibu na lango. Nimempa asumini. Nikamwambia hii ni nyeupe, na jina lake asumini. Kaniangalia kama vile nina homa.

Jumanne, 9 Julai

Idd ya kuchinja. Jiko limefika kiunoni. Leodegar kaja, kalipiga teke kupima nguvu, kasema Mngindo kajengewa kaburi lenye dirisha. Nikamwambia akae mbali, Wangoni na vitu vinavyowaka hawaaminiki. Tumekula.

Jumatano, 10 Julai

Sokoni leo nimepita kwa muuza mbegu, ana pakiti zina picha ya ua jekundu juu yake. Sio lile. Halifanani hata. Nikaanza kulia pale pale katikati ya watu, na kapu mkononi. Jirani yake anauza vitunguu, kaniuliza, "Vitunguu vyangu hivyo, bwana?"

Nimemwambia ndiyo, vikali sana, asishushe bei.